Sura ya Tisa: Jino la Radhi

Ukitaka kumjua mwanamke mwenye hasira anayejidai hana, mtazame anavyokuna nazi. Torika alikuwa amekalia mbuzi tangu wageni walipoanza kuvuka mto, na nazi aliyoishika ilishakwisha, lakini mkono wake haukukoma.

"Hicho kifuu kimekukosea nini?" aliuliza binamu yake Unaisi, aliyekuwa anamenya magimbi kando yake. "Nazi imekwisha zamani. Sasa unatulisha kifuu."

"Menya magimbi yako."

"Nayamenya. Mimi sina mgeni."

"Hata mimi sina. Wageni ni wa baba."

Shangazi Losalini, dada yake baba, alicheka taratibu huku akichochea moto. Alikuwa mama mnene, mpole wa sura na mkali wa macho, na hakuna jambo la Torika lililompita. "Wageni wa baba," alirudia. "Ndiyo maana umevaa nguo ya kanisani kuja kukunia nazi."

Torika akaitazama nguo yake kama ndiyo kwanza anaiona. Kisha akaokota nazi nyingine.

Mgeni mwenyewe alikuwa Peceli, wa kijiji cha Waidamu, ng'ambo ya mto Sigatoka, na yaliyopita kati yake na Torika kijiji kizima cha Lomavatu, upande huu wa mto, kinayajua. Miaka sita nyuma, kabla hajapanda ndege kwenda Ufaransa kucheza raga ya kulipwa, alimwambia Torika sokoni, mbele ya mafungu ya nyanya, "Msimu mmoja tu. Ukiisha, wazee wangu watakuja kwenu." Torika akaamini. Baba yake, Mzee Emosi, naye akaamini, akawarudisha waposaji wengine, mmoja wao mwalimu mwenye nyumba yake Lautoka, kwa kusema binti ana mwenyewe. Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Simu za kila siku zikawa za Jumapili, kisha za sikukuu, kisha kimya. Kijiji kilikuwa kinajazana mbele ya televisheni kumwona Peceli akichomoka na mpira winga ya kushoto, na kila wakishangilia walimwangalia Torika kwa pembe ya jicho. Asikwambie mtu, kumshangilia mwanamume aliyekuacha ni kazi.

Na sasa karudi, mstaafu wa miaka ishirini na minane. Wenzake wa umri huo ndio kwanza wanagombewa na timu. Watu wa Waidamu walisema kagombana na kocha. Watu wa Lomavatu, kwa kuwa ni watani wao tangu enzi za mababu, walisema kafukuzwa na mama mkwe wa Kizungu. Mwenyewe akiulizwa alisema, "Nimechoka tu," halafu anacheka, na maswali yanaishia hapo.

Kitu cha kwanza alichofanya aliposhuka ni kumwomba mjomba wake amlete kwa Emosi aombe radhi. Hakuthubutu kuleta posa. Aliomba aje kuomba msamaha tu, kwa tabua, lile jino la nyangumi lenye kamba yake ya ukindu, kama inavyopasa mtu aliyeiaibisha nyumba ya watu.

"Wameanza," alisema Unaisi, akatega sikio kwenye ukuta wa mabati.

Jiko lilitengana na nyumba kubwa kwa hatua chache tu, na sauti ya Mjomba Kolinio haikuhitaji kutegewa sikio. Mzee yule alikuwa msemaji wa Waidamu maisha yake yote. Tuseme ukweli, alikuwa mshenga zaidi kuliko msemaji, kwa sababu hakuna harusi ya bonde lile ambayo hakuiombea yeye. Torika alimsikia akipiga makofi ya kuomba ruhusa, akisifu nyumba, akisifu machifu, akishuka chini kama mila inavyotaka.

"Nimeshika jino," alisema Kolinio. "Ni dogo. Ni jino lisilo na uzito mbele ya jina la nyumba hii. Tumekuja tumeinama. Tumekuja kwa sababu katika nyumba hii kuna..."

Akanyamaza. Torika akasimamisha nazi. Alijua linalofuata: katika nyumba hii kuna moyo tulioujeruhi.

"Katika nyumba hii kuna ua," alisema Mjomba Kolinio.

Kisu cha Unaisi kikabaki kwenye gimbi.

"Ua hilo tumeliona kutoka ng'ambo," sauti iliendelea, sasa imepata mteremko wake na haishikiki. "Kijana wetu hali akashiba, halali akaota jingine. Tukasema, twendeni kwa wenye ua. Tuwaombe watugawie, likapendeze na kwetu, lipambe nyumba yetu, litupe wajukuu wa kutuzika." Mtu alikohoa. Kolinio akapandisha sauti kuliko kikohozi. "Jina la ua hilo ni Torika, binti Emosi. Pokeeni jino letu."

"Shangazi," alisema Unaisi kwa sauti ndogo, "hii ni radhi ya wapi?"

Shangazi Losalini alikuwa ameziba mdomo kwa kanga ya kiunoni, na mabega yanamtikisika.

Labda bado mambo yangeokoka. Lakini mpokeaji wa jino upande wa Lomavatu alikuwa Baba Mkubwa Sakiusa, kaka yake Emosi, ambaye alikuwa kwenye kava, kinywaji chao cha mizizi kileweshacho taratibu, tangu asubuhi na alikuwa anasinzia kwa heshima. Maneno ya posa yalimwamsha vizuri. Akajibu kama anavyojibu siku zote akisikia maneno hayo, bila kujiuliza. "Nimelishika jino," alisema. "Liwe la heri. Liwe la amani. Lizae." Wanaume wote wakapiga makofi yale mazito ya viganja vilivyokunjwa, kwa sababu mikono ilishazoea, na papo hapo nyumba ikawa kimya.

Torika alikuwa ameposwa, na aliyeposwa ameshika kifuu.

Mzee Emosi alitoka mwenyewe akaja mpaka mlango wa jiko. Zamani aliicheza raga mstari wa mbele, na masikio yake yalibaki yamevimba kama maandazi. Alikuwa mtu wa maneno machache hata siku za furaha.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia, baba."

"Yule mzee kakosea. Analia pale ndani, anasema mdomo wake ulienda unakokujua." Akapumua. "Na kaka yangu naye kapokea. Kwa sheria, jino limeingia. Lakini nina jino langu sandukuni. Nalitoa, nawarudishia, posa inakufa leo leo kabla kava haijaisha. Itakuwa aibu, tutaibeba. Tumeshabeba nyingine kwa ajili ya kijana huyo huyo."

"Baba."

"Mimi sikuulizi kama unampenda. Hilo naliona, sina upofu. Nakuuliza kama unamwamini. Niambie neno moja, nirudi ndani."

Hapo ndipo Torika alipogundua kwamba hana hilo neno. Kumpenda Peceli hakukuwa na swali, kulikuwa mwilini mwake kama homa ya zamani. Lakini kuachwa mara ya pili asingekuweza, alilijua hilo waziwazi. Mara ya kwanza alikuwa na miaka ishirini na mmoja, alilia mwaka mzima akifungasha mabiringanya ya kupelekwa New Zealand, akapona. Sasa angevunjika.

"Nipe nafasi niseme naye," alisema.

Emosi alifikiri. "Pale chini ya mshelisheli, watu wawaone. Unaisi akafagie."

"Nimeshafagia, baba mdogo," alisema Unaisi.

"Fagia tena."

Peceli alikuja akitembea taratibu, sulu yake, ile shuka ya heshima ya kiunoni, imenyooka, shati la maua limembana mabegani. Ule urefu, ile shingo. Torika alikuwa amejiandalia maneno makali kwa miaka, na alipomwona akaribia, nusu yake yakamtoroka. Alichukia hilo.

"Ulipanga," alisema, hata salamu hakutoa.

"Sikupanga."

"Peceli."

"Haki ya Mungu, Torika, sikupanga. Jana nimemfundisha mjomba maneno ya radhi mpaka kuku wakalala. Akaniambia, kijana, mimi nilisema mbele ya machifu kabla hujazaliwa, nenda zako."

Kidogo Torika acheke. Akatazama pembeni mpaka kicheko kikapita. "Kwa nini hukumkatiza?"

"Nani anamkatiza mtu mwenye jino mkononi?"

"Ungekohoa."

"Nilikohoa. Wewe ulisikia nilivyokohoa?"

"Na baada ya kukohoa?"

Peceli alisogea ndani zaidi ya kivuli, akawa anakunja macho kana kwamba hata pale jua linamuumiza. "Baada ya kukohoa nikaanza kusikiliza. Maneno yalikuwa matamu. Nikasema moyoni, acha amalize, nisikie tu ingekuwaje." Akamtazama. "Usinichukie kwa hilo. Mengine nichukie, hilo hapana."

Unaisi alikuwa anafagia mahali pamoja, mgongo amewageuzia, masikio amewaachia. Torika alihisi uso unamchoma. Hakutaka kumtazama Peceli machoni, akamtazama, na hapo ndipo penye makosa, kwa sababu macho yalikuwa yale yale ya sokoni. Yalikuwa na kitu kingine pia, uchovu ambao haukuwa wa safari.

"Mama yako hajambo?" aliuliza Peceli. "Sijamwona."

"Yuko Suva kwa dada, kaenda kumwona mjukuu. Usibadilishe maneno. Miaka sita, Peceli. Ulikuwa na simu mbili."

"Nilikuwa nazo."

"Hata kuniambia 'Torika, nimepata mwingine, kaolewe' ulishindwa? Ningelia, ningekula, ningeolewa na yule mwalimu."

"Sikupata mwingine."

"Sasa ilikuwa nini?"

Peceli akapangusa paji la uso ingawa hapakuwa na jasho. "Miaka miwili ya kwanza sina sababu. Kichwa kilivimba tu. Watu wananipigia makelele jina langu kwa Kifaransa, najiona mimi ndiye nimeumba raga. Nilikuwa nasema nitampigia kesho. Hiyo ni dhambi yangu, sina wa kumsingizia." Akageuka kuelekea jikoni. "Mama yako yuko ndani? Sijamsalimia."

Torika alifungua mdomo kujibu, akaufunga.

"Umeniuliza sasa hivi," alisema.

"Nimekuuliza?"

"Nimekwambia yuko Suva."

Peceli alisimama pale pale. Hakucheka kile kicheko chake cha kufunga maswali. Akachutama polepole, akakaa kwenye mzizi wa mshelisheli, mikono yake mikubwa imelala magotini, haina kazi.

"Basi umeona," alisema. "Hata mama yangu bado hajaona."

"Nimeona nini?"

"Kilivimba, halafu kikaumia." Aligusa kichwa chake juu ya sikio, kidogo tu. "Mara ya kwanza nilipigwa goti na mwenzangu, bahati mbaya. Nikaamka, nikamaliza mchezo, nikaingia chumba cha kubadilishia cha timu nyingine, nikakaa nao. Walicheka. Hata mimi nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Ya tatu sikumbuki kabisa, nimesimuliwa. Daktari akanikalisha, akanionyesha picha za ubongo wangu mwenyewe, akasema, rudi kwenu ungali unalijua jina la kwenu. Ndiyo kustaafu kwangu huko. Hapana kocha, hapana mama mkwe."

"Na simu?"

"Nilikuwa naanza kukupigia. Naishika, naona jina lako, nasema, nitamwambia nini? Nikiongea dakika mbili napotea njia katikati ya sentensi. Nikasema heri aniite mwongo kuliko aniite mgonjwa." Akaangalia vidole vyake. "Nilikuwa nakukumbuka, Torika. Mengi yameponyoka. Wewe hukuponyoka."

Torika alikaa. Hakujua amekaa saa ngapi, alijikuta yuko kwenye mzizi ule ule, na nguo ya kanisani imegusa udongo. Jani kavu la mshelisheli lilikuwa limemwangukia Peceli begani. Akaliondoa. Mkono wake ukachelewa kurudi, na Unaisi akafagia kwa nguvu zaidi.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Wewe."

"Mjomba wako?"

"Wewe tu."

"Basi Jumamosi umewaambiaje?"

Peceli alitazama chini. Jumamosi ilikuwa mechi ya Krismasi, Waidamu na Lomavatu, watani kwa watani, mechi ambayo watu wa bonde lile huiwazia kuliko nguo za sikukuu. Wiki nzima Isikeli, kaka yake Torika, alikuwa anatangaza barabarani kwamba atamzika Mfaransa hai.

"Nimekubali," alisema Peceli. "Dakika chache. Nitakaa pembeni pembeni."

"Umekubali kucheza."

"Wameshaniandalia jezi. Bibi yangu kaisuka kamba ya shada kwa mkono wake. Ningesemaje?"

"Ungesema daktari kakataza."

"Hujui ilivyo."

"Nijulishe."

"Tangu mtoto naitwa kwa mpira, Torika. Bibi akiniombea kwa Mungu anasema 'yule winga wetu', jina langu hata halitaji. Nikisema kichwa kimeharibika, wataanza kusema na mimi taratibu. Kama wanavyosema na wagonjwa."

"Mimi nasema na wewe taratibu?"

"Wewe hujawahi."

"Na sitaanza leo." Torika alisimama. Hasira ilimrudia, lakini hii ilikuwa mpya, ilikuwa na woga ndani yake. "Isikeli akikukumba Jumamosi, atakuwa anamkumba mtu ambaye yeye hajui kwamba hagusiki. Umemfikiria Isikeli? Umenifikiria mimi, nimekaa kando ya uwanja na shada shingoni, nakuona umelala?"

"Nitawaambia. Baadaye. Sikukuu zikipita."

"Baadaye." Alilitaja neno hilo kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Hilo ndilo lililokukalisha kimya miaka sita. Nitampigia baadaye. Nitarudi baadaye. Mimi sikudai uwe mzima, Peceli. Ukisahau nitakukumbusha, mbona dawa ya hilo ni ndogo. Nakudai useme. Mtu asiyesema siwezi kuishi naye, nitakuwa mjane naye yupo."

"Unataka niseme mle ndani? Mbele ya baba yako?"

"Mle mle."

"Siwezi."

Peceli alikuwa ameinamisha kichwa, na kile kisogo chake kilimtia Torika huruma. Lakini alishajifunza huruma ilimfikisha wapi mara ya kwanza.

"Basi baba atarudisha jino," alisema, akaondoka kabla machozi hayajaonekana.

Kwenye nyumba kubwa walikuwa wamekaa duara mkekani, Waidamu upande wa chini, wenyeji upande wa juu, bakuli la kava katikati. Jino la Waidamu lilikuwa mbele ya Baba Mkubwa Sakiusa, ambaye sasa alikuwa macho kupita kiasi. Jino la Emosi lilikuwa juu ya paja lake mwenyewe. Mjomba Kolinio alikaa ameinama, mzee wa watu, anajifuta macho kwa ncha ya sulu. Torika aliingia kwa kuinama, akakaa karibu na mlango, Shangazi Losalini nyuma yake.

"Mwanangu," alisema Emosi. "Wageni wanataka kujua jino lao linalala au linarudi. Sema."

Nafasi ya Peceli mkekani ilikuwa tupu. Torika aliitazama. Neno lilikuwa mdomoni na hakulitaka, akalisukuma kwa ulimi mpaka kwenye meno.

"Baba, li..."

Makofi yalisikika kutoka mlango wa chini. Peceli alikuwa amekaa kizingitini, mahali wasipokaa hata watoto, chini kabisa ya wazee wake, anaomba ruhusa ya kusema. Emosi alisita, kisha akaitikia kwa makofi.

"Nasema kwa kinywa changu," alisema Peceli, "kwa sababu msemaji wetu leo kachoka."

Kolinio akaguna.

"Watani zangu, mmeniandalia mchezo. Sitacheza."

Kicheko kikapasuka upande wa juu. Isikeli alijipiga paja. "Kaniona tu, kakimbia," alisema. "Mechi imeisha hata mpira haujatoka mfukoni."

"Mcheke," alisema Peceli, "ni haki yenu. Mimi siogopi kukumbwa, Isikeli. Naogopa kuamka nisimjue mama yangu." Akagusa kichwa. "Nimeumia humu ndani. Daktari alinistaafisha, nilivyosema nimechoka nilidanganya. Nauliza swali moja mara mbili. Naingia chumba, nasahau nilichofuata. Sikuwaambieni kwa sababu nilidhani nikiutoa mpira, hamtabaki na mtu wa kumwita. Na kwa woga huo huo nilimnyima binti wa nyumba hii neno kwa miaka, na kosa hilo ndilo lililonileta leo, kabla mambo hayajaingia maua."

Hakuna aliyecheka sasa. Mkono wa Isikeli ulibaki juu ya paja. Mzee Emosi alikuwa anagusa sikio lake moja lililovimba, polepole, kama mtu anayehesabu siku zake mwenyewe za uwanjani.

"Kwa hiyo niwieni radhi," alisema Peceli. "Sitacheza siku ya... Sitacheza ile siku ya..."

Akanyamaza. Kila mtu alisubiri. Peceli aliutazama mkeka kama neno limeanguka pale. Midomo ilicheza, haikutoa kitu. Wengine walidhani analia. Torika alijua halii, alijua neno limemponyoka, na kwamba kadiri nyumba ilivyozidi kukaa kimya ndivyo lilivyozidi kwenda mbali. Jasho lilimtoka Peceli kwenye mdomo wa juu. Mjomba wake, ambaye kazi ilikuwa yake, alikuwa kaficha uso kwenye sulu anatetemeka mabega. Na wa upande wa juu hakuna ambaye angeweza kumwokoa, kwa sababu mgeni akisema mbele ya jino, mwenyeji hamtilii neno kinywani. Hiyo ni kazi ya watu wake: mjomba wake, kaka yake, mke wake.

"Jumamosi," alisema Torika.

Alilisema bila kupaza sauti. Nyumba nzima ililisikia.

Peceli aliinua kichwa. "Jumamosi," alisema, na pumzi ikamtoka. "Sitacheza Jumamosi."

Emosi aligeuka, mwili mzima, kama watu wenye shingo za mstari wa mbele wanavyogeuka. "Nani kasema?"

"Mimi, baba."

"Unajua nani humpa mtu neno mbele ya jino?"

"Najua."

Shangazi Losalini alikuwa amemshika Torika nguo kwa nyuma, lakini hakuivuta.

"Umekaa upande gani, Torika?"

"Upande wake, baba."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akalichukua jino lake kutoka pajani, akaliweka nyuma ya mgongo, mahali pasipoonekana.

Baba Mkubwa Sakiusa alikohoa. "Na ile radhi waliyoijia?"

"Hiyo bado hawajaiomba," alisema Emosi. "Watakuja tena na jino jingine. Na msemaji mwingine."

Watu walicheka, Kolinio pia, machozi yangali mashavuni. Isikeli alisubiri kicheko kipungue. Alikuwa ametazama chini muda wote ule, na aliposema hakumlainishia Peceli sauti hata kidogo. "Jumamosi utashika bendera ya mstari," alisema. "Na ukiwapendelea Waidamu, Mfaransa, nitakukimbiza mpaka mtoni."

"Mbio zote bado ninazo," alisema Peceli.

"Tutaona."

Emosi alinyoosha mkono kumwonyesha binti yake upande wa chini wa mkeka. "Usikae hapo mlangoni," alisema, na sauti haikuwa imara. "Hapo ni kwetu. Nenda kwa watu wako."

Torika akainuka. Akapita ameinama mbele ya wazee, kama inavyompasa mwanamke anayepita mbele ya bakuli, na watu wa Waidamu wakasogeana kumpa nafasi. Akakaa nyuma ya bega la Peceli. Peceli hakugeuka kumtazama, haikuwa adabu, lakini aliegemea nyuma kidogo mpaka mgongo wake ukamgusa, na Torika akauacha pale.